Kwa nini uzi hujifunga fundo? Fizikia ya sindano, nta na mkono wa kushoto

Hebu fikiria hali hii. Ni saa tatu usiku, kesho asubuhi una usaili wa kazi, na kifungo cha shati pekee linalofaa kimekatika. Unatafuta sindano, unakata uzi mrefu wa kutosha ili usihangaike kutunga mara mbili, unachoma mara tatu vizuri tu, halafu unavuta. Kwisha habari. Uzi umejikunja, umejisokota, na umejifunga fundo katikati ya hewa bila mtu kuufunga. Unavuta kwa nguvu. Fundo linakaza. Unakata kwa meno, unaanza upya, na unajiambia kwamba wewe na sindano hamkuumbiwa pamoja.

Kama umewahi kupitia hayo, makala hii ni yako. Nataka kukuonyesha kwamba uzi haujifungi kwa bahati mbaya, wala kwa sababu una mkono mzito. Kuna sababu tatu, zote za fizikia ya kawaida kabisa: urefu, msokoto na msuguano. Ukizielewa, nusu ya mafundo yako yataisha leo hii hii, bila kununua kitu chochote.

Ila kwanza nikueleze kwa nini jambo hili dogo linanikaa moyoni.

Nimekulia Ngaka, kule Mbinga, kando ya barabara inayotoka Kitai kuelekea Lituhi, ziwani Nyasa. Mama yangu hudarizi mashuka na foronya kwa mkono. Msimu wa kahawa ukifika na watu wa milimani wakipata hela, anapeleka mzigo Mbinga mjini. Daftari zetu na sare zetu zilitoka kwenye sindano hiyo. Zamani alikuwa anakaa barazani, lakini magari ya makaa ya mawe yalipoanza kupita alihamia ndani, maana shuka jeupe na vumbi haviivi chungu kimoja.

Mimi nilifundishwa kushona nikaweza. Mdogo wangu wa kike, anayetumia mkono wa kushoto, alifundishwa akashindwa. Kila alichoshika kilijaa mafundo. Akiwa darasa la tano, kwenye kipindi cha Stadi za Kazi, mwalimu aliinua kitambaa chake mbele ya darasa na kusema mkono wa kushoto hauna baraka, ndiyo maana uzi unamkataa. Darasa zima likacheka. Tangu siku ile hakushika sindano tena. Nyumbani kwetu, ambako sindano ndiyo ilikuwa benki, hilo halikuwa jambo dogo. Mimi na mama tulikuwa tunashona, yeye anaosha vyombo.

Miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa nasoma shahada ya uzamili ya fizikia, nilikutana na milinganyo ya kamba zinazosokotwa. Nikakumbuka kile kitambaa. Kumbe mwalimu alikosea, na kosa lake linaweza kuonyeshwa kwa uzi wa dhiraa moja na sindano inayoning'inia. Twende taratibu.

SABABU YA KWANZA: UREFU

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walichapisha jaribio ambalo hata mtoto angeweza kulifanya. Walichukua kamba, wakaidondosha ndani ya sanduku, wakalizungusha sanduku mara kumi, wakalifungua na kuangalia kama kamba imejifunga. Wakarudia. Na wakarudia tena, hadi mara 3,415. Mwaka 2008 jaribio hilo liliwapa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile inayotolewa kwa utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakufikirisha.

Walikuta nini? Kamba fupi kuliko sentimita 46 hazikujifunga kabisa. Kuanzia hapo hadi mita moja na nusu, uwezekano wa fundo ulipanda kwa kasi. Zaidi ya hapo ulitulia kwenye karibu nusu kwa nusu: ukifungua sanduku mara mbili, mara moja unakuta fundo. Na hayakuwa mafundo ya aina moja. Walihesabu aina 120 tofauti.

Maelezo yao ni rahisi. Kamba ikiwa ndefu hujikunja na kulala kwa mizunguko, kama kamba ya mbuzi iliyotupwa chini. Ncha yake iliyo huru ikitikiswa hupita juu ya mzunguko mmoja, chini ya mwingine, na hapo fundo tayari. Kamba fupi haina mizunguko ya kutosha kwa ncha kupenya. Ndiyo maana waya wa spika za masikioni hutoka mfukoni umejifunga wakati hukuugusa: mfuko ni sanduku, na wewe ukitembea ndiwe unayelizungusha.

Sasa angalia sindano yako. Sindano ni ncha huru ya uzi, tena ncha yenye uzito na makali, ambayo wewe mwenyewe unaipitisha juu na chini kila sekunde chache. Huwezi kutengeneza mashine bora zaidi ya kufunga mafundo! Kinachokuokoa ni urefu tu.

Wazee wetu walipima kwa mwili: shibiri, dhiraa, pima. Dhiraa, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kwa mtu mzima ni kama sentimita 45 hivi. Mama yangu hakuwahi kusoma habari za San Diego, lakini uzi wake wote aliukata kwa kipimo hicho: anashika ncha kwa vidole, anauvuta hadi kiwikoni, anakata. Nisikudanganye kwamba dhiraa na zile sentimita 46 ni sheria moja ya asili. Kipimo cha San Diego kilitegemea ukubwa wa sanduku na ugumu wa kamba waliyotumia. Lakini somo ni lile lile: uzi mfupi hauna nafasi ya kujitatiza.

Najua unachotaka kusema. "Nikikata mfupi si nitatunga sindano kila mara? Mrefu unaokoa muda." Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya.

Tuseme kila mshono unakula sentimita moja ya uzi. Una uzi wa sentimita 180, karibu pima moja. Mshono wa kwanza unavuta sentimita 180 kupita kwenye kitambaa. Wa pili 179. Wa tatu 178. Ukijumlisha hadi mwisho, mkono wako utakuwa umevuta karibu mita 163 za uzi. Sasa kata uzi huo huo vipande vinne vya sentimita 45. Kila kipande kitakuvutisha kama mita 10 na kidogo, na vyote vinne kama mita 41. Mishono ni ile ile 180, lakini kazi ya kuvuta imepungua mara nne! Umetunga sindano mara tatu zaidi, sawa, na kila kipande kinaacha mkia mdogo unaopotea. Lakini umeokoa zaidi ya mita 120 za kuvuta, na katika kila mita ya kuvuta kuna nafasi ya fundo.

Kuna na hili: uzi ulio karibu na tundu la sindano hupita kwenye kitambaa katika kila mshono. Ukiwa mrefu, sehemu hiyo inasuguliwa mara mia na zaidi kabla zamu yake ya kushonwa haijafika. Inachakaa, inatoa manyoya, na manyoya hayo hunasana. Kwa hiyo uzi mrefu hukupa kazi zaidi, halafu hukupa uzi mbovu zaidi. Haraka haraka haina baraka, na sasa unaijua hesabu yake.

SABABU YA PILI: MSOKOTO

Chukua uzi wowote, ukaze mbele ya macho, uangalie kwa makini ukiweza kwa kamera ya simu. Utaona si kitu kimoja. Ni nyuzi mbili au tatu nyembamba zilizosokotwa pamoja, na mistari yake inalala kimshazari. Ikilala kama mstari wa kati wa herufi Z, mafundi wa nguo wanauita msokoto wa Z. Ikilala kama wa herufi S, ni msokoto wa S. Nyuzi nyingi za cherehani ni za Z. Jambo la kufurahisha: ugeuze uzi juu chini, msokoto haubadiliki. Z inabaki Z. Jaribu sasa hivi.

Msokoto ndio unaoupa uzi nguvu. Lakini uzi uliosokotwa ni kama springi, una nishati ndani yake. Shika uzi wa dhiraa moja kwa mikono miwili, ukaze, halafu sokota ncha moja kwa vidole mara ishirini au thelathini kuelekea upande ule ule wa msokoto wake. Sasa sogeza mikono karibu polepole. Uzi hautaning'inia kama upinde wa kawaida. Utaruka, utajikunja katikati na kujizungushia wenyewe, kama kamba iliyokunjwa mbili. Hicho kitanzi ndicho unachokiona kikitokea karibu na kitambaa unapovuta mshono.

Kwa nini? Kwa sababu kujikunja kunampunguzia uzi mzigo. Mwanahisabati wa Romania, Gheorghe Călugăreanu, alionyesha kati ya mwaka 1959 na 1961 kwamba mizunguko iliyomo ndani ya utepe ulioshikwa ncha zote haipotei. Inagawanyika tu sehemu mbili: mingine inabaki kama msokoto wa ndani, mingine inageuka kuwa kujizungusha kwa utepe mzima juu ya wenyewe. Jumla haibadiliki. Ukiukaza uzi, mizunguko hulazimika kukaa ndani. Ukiulegeza, hukimbilia nje na kuwa kitanzi. Ndiyo maana fundo huja pale pale unapolegeza mkono kabla ya mshono unaofuata.

Swali sasa: msokoto huo wa ziada unatoka wapi, wakati wewe unashona tu? Unatoka sehemu mbili.

Ya kwanza ni kigurudumu cha uzi chenyewe. Ukikisimamisha mezani na kuvuta uzi kwa juu, kila mzunguko unaotoka unauongezea au kuupunguzia uzi msokoto mmoja. Lakini ukikitia kwenye penseli na kukiacha kizunguke chenyewe huku unavuta, msokoto hauongezeki. Mafundi umeme wanalijua hili: rola la waya linaviringishwa, halivutwi kwa juu, la sivyo waya unaingia nyumba ukiwa na vipindapinda.

Ya pili ni vidole vyako. Kila unapochoma na kuipokea sindano upande wa pili, vidole vinaiviringisha kidogo bila wewe kujua. Tuseme ni sehemu moja ya kumi tu ya mzunguko. Mishono arobaini inakupa mizunguko minne. Mishono mia na themanini ya ule uzi wa pima inakupa kumi na minane. Unaona jinsi sababu ya kwanza na ya pili zinavyoshirikiana?

SASA TURUDI KWA MDOGO WANGU

Mkono wa kushoto ni taswira ya mkono wa kulia kwenye kioo. Kama mtu wa mkono wa kulia huiviringisha sindano kuelekea upande mmoja, mtu wa mkono wa kushoto anayefanya vitendo vile vile huiviringisha kuelekea upande wa pili. Lakini uzi hauna kioo. Uzi wa Z ni Z kwa wote wawili. Kwa hiyo uzi ule ule, mmoja anaukaza na mwingine anaufungua.

Ukizidi kukazwa, unajikunja na kufanya vitanzi. Ukifunguliwa, zile nyuzi ndogo za ndani zinaachana, moja inabaki nyuma wakati mwenzake anasonga, inatoa kibonge, na sindano inaichoma katikati. Ni matatizo mawili tofauti yanayohitaji dawa mbili tofauti. Ukimfundisha mtoto wa mkono wa kushoto kwa kumwiga mtu wa mkono wa kulia, anapata tatizo ambalo mwalimu wake hajawahi kukutana nalo, na dawa ya mwalimu haimsaidii. Tena anashona kwa kufuata mwelekeo uliopangwa kwa ajili ya mkono mwingine, kwa hiyo kila mara mkono wake unapita juu ya uzi wake mwenyewe. Halafu tunasema hana baraka.

Likizo iliyopita nilikaa naye jikoni. Nilimwomba ashone mstari mmoja mnyoofu kwenye kitambaa cha kanga kuukuu, nami nikashona wangu, kwa uzi kutoka kigurudumu kimoja. Tulipofika katikati tuliinua vitambaa vyetu na kuziacha sindano zining'inie. Zote mbili zilianza kuzunguka zenyewe, uzi ukitafuta utulivu wake. Yangu ilizunguka upande mmoja. Yake ilizunguka upande wa pili.

Alitazama kimya. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni hivi tu?"

Ndiyo, ni hivi tu. Sharti niseme wazi kwamba vidole vya watu vinatofautiana, na si kila anayetumia mkono wa kushoto ataona mwelekeo ule ule. Ndiyo uzuri wa jaribio hili: halikuambii wewe ni wa aina gani, linakuambia uzi wako umefikia wapi. Sindano ikizunguka, kuna msokoto uliozidi au uliopungua. Ikitulia, endelea kushona.

SABABU YA TATU: MSUGUANO

Mafundo mengi unayoyaona ukishona kwa mkono si mafundo ya kweli bado. Ni vitanzi vilivyolalia uzi. Kinachovigeuza kuwa fundo ni wewe, unapovuta kwa hasira.

Ukienda bandarini Mbamba Bay wakati meli inafungwa, angalia kamba inavyozungushwa kwenye nguzo. Mtu mmoja anashika ncha, na meli nzima inatulia. Leonhard Euler alieleza hesabu yake katika karne ya 18: nguvu ya kushikilia haiongezeki kwa kujumlisha, inaongezeka kwa kuzidisha. Kama msuguano ni wa wastani, tuseme kizio cha 0.3, mzunguko mmoja kamili unazidisha nguvu yako karibu mara 6.6. Mizunguko mitatu inaizidisha zaidi ya mara 280. Kizuri kwa meli, kibaya kwa kifungo cha shati. Kitanzi kikiwa kimejizungushia uzi mara mbili tatu, ukivuta kidogo tu tayari umekifunga kwa nguvu ambayo vidole vyako haviwezi kuifungua.

Kwa hiyo uzi ukigoma, kanuni ya kwanza ni moja: USIVUTE. Legeza. Ingiza ncha ya sindano katikati ya kitanzi, inua taratibu, halafu vuta upande mmoja wa kitanzi polepole. Mara nyingi kitafunguka chenyewe, kwa kuwa ncha zote za uzi bado ziko nje yake.

Na nta je? Mama alikuwa na kipande cha nta ya nyuki kwenye kopo la sindano, chenye mifereji iliyochongwa na uzi kwa miaka mingi. Alipitisha kila uzi mara mbili au tatu kabla ya kutunga. Nta hufanya kazi tatu. Inalaza yale manyoya ya pamba ili yasinasane. Inazigandisha zile nyuzi za ndani pamoja ili zisiachane. Na inaupa uzi ugumu kidogo, na uzi mgumu haupendi kujikunja kwenye vitanzi vidogo. Hata kule San Diego, kamba ngumu ilijifunga kwa nadra zaidi kuliko laini.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Ukiweka uzi uliopakwa katikati ya karatasi mbili na kupitisha pasi ya vuguvugu, hata ya mkaa, nta inazama ndani ya uzi na ya ziada inabaki kwenye karatasi. Usiruke hatua hiyo kama unashona kitambaa cheupe, maana nta iliyobaki juu huacha alama. Huna nta ya nyuki? Mshumaa wa kawaida husaidia kiasi, ila humeguka na kuacha unga unga.

SASA UFANYE NINI?

Nikusanye yote kwa ufupi, ili ukifunga makala hii uwe na kitu mkononi.

1. Kata uzi wa dhiraa moja. Kama kazi ni kubwa sana, usizidi dhiraa moja na nusu.

2. Acha kigurudumu kizunguke unapovuta uzi. Usiuchomoe kwa juu.

3. Pitisha uzi katikati ya vidole viwili, kwanza huku, halafu kule. Upande mmoja mara nyingi utahisi laini zaidi, kama kupapasa manyoya ya paka kuelekea mkia. Tunga sindano kwenye ncha itakayofanya uzi upite kwenye kitambaa kwa upande huo laini.

4. Kama ni uzi wa pamba, paka nta. Nyuzi za poliesta na nailoni hazina manyoya mengi, lakini hukumbuka umbo la kigurudumu. Hizo zinyooshe kwanza kwa kuzivuta taratibu kati ya mikono miwili.

5. Ukishona kwa uzi wa mara mbili, funga fundo la kila ncha peke yake badala ya kuzifunga pamoja. Nyuzi mbili zilizofungwa pamoja haziwezi kutoa msokoto wake, na moja ikitangulia kidogo, nyingine inabaki na kitanzi.

6. Kila baada ya mishono kumi hadi kumi na mitano, inua kitambaa na uiache sindano ining'inie hadi itulie. Ukishajua vidole vyako vinaiviringisha kuelekea wapi, unaweza kuirudisha kwa kuizungusha kidogo upande wa pili huku unaendelea.

7. Kitanzi kikitokea, legeza kwanza. Hasira baadaye.

Kama unamfundisha mtoto anayetumia mkono wa kushoto, keti mbele yake, mtazamane, usikae kando yake. Hapo mkono wako wa kulia unakuwa kioo cha mkono wake wa kushoto, na anaweza kuiga bila kugeuza kila kitu kichwani. Mwache ashone akielekea upande unaomfaa yeye.

SAYANSI HII INAISHIA KWENYE SINDANO?

Hapana. Inaendelea hadi ndani ya mwili wako. DNA ya seli moja ya binadamu, ukiinyoosha yote, ina urefu wa karibu mita mbili, na imefungwa ndani ya kiini chenye upana wa mikroni chache tu. Nayo ni nyuzi mbili zilizosokotana. Seli ikitaka kuisoma au kuinakili, lazima izitenganishe, na kila inapozitenganisha, msokoto unasukumwa mbele na kurundikana, vile vile kama kwenye uzi wako. Ile hesabu ya Călugăreanu hutumiwa hadi leo na wanabiolojia kueleza jambo hilo.

Seli haiwezi kuinua kitambaa na kuacha sindano ining'inie. Badala yake ina vimeng'enya vinavyoitwa topoisomerasi. Cha kwanza kiligunduliwa na James Wang mwaka 1971 ndani ya bakteria. Vimeng'enya hivi hukata DNA, huacha msokoto utoke au uzi mwingine upite, halafu huunga tena pale pale. Na dawa ya siprofloksasini, ambayo huenda uliwahi kuandikiwa na daktari, hufanya kazi kwa kuvizuia vimeng'enya hivyo vya bakteria. DNA yake inabaki imekatika na kutatizana, na bakteria anakufa. Kwa maneno mengine, unamuua kwa tatizo lile lile lililokushinda saa tatu usiku.

Naipenda fizikia kwa sababu kama hizi. Haibagui kati ya maabara ya San Diego, bandari ya Mbamba Bay na kopo la sindano la mama yangu. Na pale ambapo watu wametoa hukumu juu ya mtu, wakati mwingine fizikia inaweza kurudi, hata kwa kuchelewa, na kusema: hapana, lilikuwa suala la upande wa kuzunguka.

Mdogo wangu sasa anamaliza foronya yake ya kwanza. Anashona kutoka kushoto kwenda kulia, kwa uzi wa dhiraa moja, na kila baada ya mishono kadhaa anainua kitambaa na kuisubiri sindano itulie. Ua moja limepinda kidogo. Mama aliliangalia kwa muda mrefu, akasema lisifumuliwe, na akamkatia nusu ya nta yake.